Mtani Alipotuchukulia Mbwa

Jina la mbwa wetu silitaji. Mama alimpa jina hilo makusudi, ili kila akimwita mbwa, jirani wa ng'ambo ya barabara apate ujumbe wake, na watoto wa jirani yule wako hai, tunasalimiana vizuri. Itoshe kusema alikuwa jike, mwekundu kama udongo wa kwetu Iringa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Na ndiye aliyenifanya nipige magoti katikati ya hoteli ya watu kule Chimala, mimi ambaye hata kanisani nilikuwa napiga goti kwa kujivutavuta.

Sisi ni Wahehe. Katika nchi hii ukiwataja Mhehe na mbwa kwa pamoja, watu wanacheka kabla hujafika mwisho. Eti tunawala. Sijawahi kuonja, mama hakuwahi kuonja, na bibi yangu angemfukuza kwa mchi mtu wa kumletea kitu hicho jikoni. Lakini nimetaniwa hivyo tangu darasa la kwanza, na kwa kuwa hasira zangu zilikuwa za karibu, watu walinitania zaidi. Tulipohamia Mbeya miaka ile ya sabini, baba akafungua karakana ya useremala pale Ilomba na mimi nikaweka cherehani yangu barazani, jambo la kwanza wateja waliloliona ni yule mbwa amelala chini ya benchi la baba. "Huyu mnamnenepesha kwa ajili ya Krismasi?" Mtu analeta suruali nimpunguze kiuno, anaanza na hilo! Nilikuwa nawapunguza hadi kupumua wanashindwa.

Mama alimtunza mbwa yule kuliko watu wengi walivyotunza ng'ombe. Jioni alimlaza ubavu, akamtoa kupe mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Ukurutu ulipomshika mgongoni hadi manyoya yakanyonyoka, majirani walisema ampake oili chafu ya gari. Mama akakataa, kwa sababu mbwa hujilamba na kile unachompaka nje kinaishia tumboni. Akatafuta kiberiti cha unga, akakichanganya na mafuta ya nazi kidogo, akamfunga mdomo kwa kitambaa mpaka dawa ikauka. Kuna waliokuwa wanawalisha mbwa wao pilipili na nyigu ili wawe wakali. Hao mama alikuwa hawaamkii.

Kitu kimoja tu alikataa. Bwana mifugo alipopita mtaani na chanjo ya kichaa cha mbwa, watu wakawapeleka mbwa wao uwanjani kwa kamba za katani, wetu alikuwa ananyonyesha watoto watatu. Mama akasema mzazi hachomwi sindano, maziwa yatachafuka. Akamfungia stoo mpaka gari la mifugo likaondoka. Wale watoto walikua, wakagawiwa, na chanjo tukaisahau.

Tukaikumbuka siku mbwa mgeni alipoingia sokoni. Alitokea upande wa mlimani, anatembea kichwa chini, udenda unamning'inia. Akamng'ata mbuzi, akang'atana na mbwa wawili watatu kabla mgambo hawajamuua. Kama na wetu alikuwemo katika vurugu ile, hakuna aliyejua. Alikuwa mzururaji wa mchana. Jioni alirudi kama kawaida, akalala kwenye maranda.

Mimi kichaa cha mbwa nilikijua kwa masikio. Nikiwa mdogo kule Iringa, mwanamume wa jirani aliugua, nasi watoto tukakatazwa kupita karibu. Nilichosikia kupitia ukutani ni mtu anaomba maji, anabembeleza kabisa, halafu maji yakiletwa anapiga ukelele. Anaomba tena. Anapiga tena. Ukelele ule uliwahi kuniamsha usingizini hata nikiwa mtu mzima na watoto wangu.

Sasa, wiki kadhaa baada ya mbwa wa sokoni, wetu akakataa chakula. Alijifinya chini ya benchi, mdomo hafungi vizuri, udenda unachuruzika hadi kifuani, mara anajikwangua shavu kwa kucha. Mama akasema, "Mfupa umemkwama." Juzi yake kulikuwa na ubatizo kwa jirani na watu walitupa mifupa hovyo, kwa hiyo halikuwa wazo la kijinga. Akaketi kwenye maranda, akampanua taya, akaingiza mkono. Mbwa akapaliwa, akabana meno. Mama akautoa mkono haraka, na pale kwenye shina la kidole gumba palikuwa na mchano mwembamba, damu na udenda vimechanganyika.

Sindano ya cherehani ingekuchoma zaidi ya pale. Mama alijifuta kwenye kanga. Bibi jirani, mwanamke wa Kisafwa aliyekuja kuomba moto, ndiye aliyesema, "Yule wa sokoni alikuwa anatoka udenda hivihivi." Akaondoka bila moto.

Hospitali waliliosha jeraha kwa sabuni na maji kwa muda mrefu hadi mama akauliza kama wanataka kuumaliza mkono. Daktari akatueleza bila kuficha. Dawa ya kuzuia kichaa ni sindano nyingi, zinachomwa tumboni, na pale hawakuwa nayo. Ataiagiza Dar es Salaam. Ugonjwa wenyewe ukishaanza kwa binadamu, hakuna dawa. Aliyasema haya akimtazama baba, na baba akawa anatazama kofia yake.

Bwana mifugo alikuja nyumbani siku hiyohiyo. Alimtazama mbwa kwa mbali, ameshika fimbo. Nikamwomba aangalie mdomoni kama kuna mfupa, akatikisa kichwa. Mbwa anayetoa udenda haingizwi mkono mdomoni, alisema, mama yako ameshafanya hivyo mara moja na inatosha. Halafu akatoa agizo ambalo ndilo lililoyazaa yote. Mfungeni mahali penye kivuli, msimguse, maji na chakula msukumieni kwa ufito. Mbwa ambaye kichaa kimeshafika kwenye mate yake hamalizi siku kumi. Akizimaliza hai, anakula na anakunywa, basi mama amesalimika hata asipochomwa. "Lakini msimuue. Akiuawa leo, tutabaki tunabahatisha."

Basi tukawa walinzi wa kitu tunachokiogopa. Vijana wa mtaani walikuja na marungu kutusaidia. Walikuwa na nia njema, na niliwafukuza kwa matusi ambayo leo siwezi kuyaandika. Baba alimfunga mbwa kwenye nguzo ya stoo kwa kamba nene. Mimi nilihamisha cherehani nikawa nashonea pale, macho kwenye bakuli. Amekunywa? Amelamba tu. Amelamba au ameyachezea? Nilishona mkono wa shati kwenye shingo, nikafumua, nikashona tena palepale.

Mama kwa nje alikuwa hana neno. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alijaza kikombe cha maji akanywa taratibu mbele yetu, mpaka tone la mwisho. Mimi nilikuwa natazama koo lake linavyopanda na kushuka, na mpaka akishusha kikombe nilikuwa sijapumua. Baba alitoka nje kabla hajaanza. Alikuwa hawezi.

Kabla hata nusu ya zile siku haijafika, mama akaanza kusema mkono unamchonyota. Unaanzia kwenye kidole unapanda. Hilo nalo daktari alilitaja kuwa dalili. Tukampeleka hospitali sote wawili, baba na mimi, kuuliza kama dawa imefika. Haikuwa imefika. Tulirudi mchana, tumechoka, mlango wa uani uko wazi.

Mbwa hayupo.

Kamba ilikuwa pale, imefunguliwa vizuri, haikutafunwa. Na kwenye ncha yake, mahali pa shingo ya mbwa, alikuwa amefungwa panya mkavu kwa mkia.

Hapa lazima niwaeleze habari za Mngoni. Wahehe na Wangoni walipigana sana enzi za mababu, na vita ilipokwisha ukabaki utani. Sisi wanasema tunakula mbwa, wao tunasema wanakula panya. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, jembe, hata kiti ulichokalia, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika utatozwa faini ya pombe na kuchekwa juu. Baba alikuwa na mtani wake, dereva wa lori wa Songea, jitu refu lenye sauti ya honi. Kila akipita Mbeya lazima achukue kitu. Alishawahi kuondoka na mlango mpya uliokuwa unasubiri mteja, baba akaenda Songea kuchukua mbuzi wake, na hivyo ndivyo walivyopendana. Nilipokuwa mtoto nilimwamkia shikamoo kama wazazi wengine, akanikemea. "Koma! Mhehe hamwamkii Mngoni, anamkimbia!" Tangu hapo nilikuwa nampokea kwa tusi, na yeye ananijibu kwa jingine kubwa zaidi.

Bibi jirani alikuwa ukutani anacheka. "Mtani wenu kapita. Anasema mmemfunga mnamnonesha, wala hamwaliki mtu! Kampakia kwenye lori."

"Bibi, ulimwona, ukanyamaza?"

"Mtani kachukua. Ningesemaje?"

Na kweli, angesemaje? Ndivyo ilivyokuwa desturi. Hata mimi ningemwona mtu akichukuliwa mbwa na mtani wake, ningeshika upande wa pili wa kamba. Lakini baba aliketi chini palepale uani. Mbwa akifia njiani, hatutajua. Akitoroka akaishi, hatutajua pia. Na kama ana kichaa kweli, mtu mwingine sasa amemkumbatia.

"Kasema analala Chimala," bibi akaongeza, na kicheko kilikuwa kimeanza kumwisha. "Anapakia mchele."

Baba hakuweza kuondoka, dawa ingeweza kufika saa yoyote na mama mchonyoto unampanda mkononi. Nikavaa viatu nikaenda mimi. Nilipata basi la kwenda Iringa, nikakaa karibu na dirisha, na kila mzoga niliouona barabarani niliuona mwekundu, sikio moja limelala. Tuliteremka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto la Usangu, wenzangu wanavua masweta, mimi meno yanagongana.

Lori nilikuta limeegeshwa kwenye mashine ya mpunga, halina mtu, halina mbwa. Nilimsikia mwenyewe kabla sijamwona. Alikuwa kwenye hoteli ya jirani, mezani na madereva wenzake, sahani ya wali mbele yake.

"Haa! Mhehe amefuata mboga yake!"

Hoteli nzima ikacheka. Nikamwambia mbwa yule anaumwa, inadhaniwa ni kichaa. Akasema, "Hata mimi ninacho, tangu kuzaliwa." Nikamwambia amemchana mama mkono, anaangaliwa kwa siku kumi kwa amri ya bwana mifugo. Akawageukia wenzake: "Mnaona Wahehe walivyoendelea? Siku hizi mboga yao inakaguliwa na serikali!" Mmoja akapaliwa kwa wali. Nikapandisha sauti. Wakashangilia. Nikalia, Mungu wangu, nikalia machozi ya kweli, na yeye akapiga makofi akasema, "Analia vizuri huyu, hata msibani kwetu nitamkodi."

Ndipo nilipoelewa kwamba kila neno nililokuwa nalo lilishaharibika. Kila nilichokisema kwa mtu yule, kwa miaka yote ile, kilikuwa mzaha, na yeye hakuwa na kosa. Ningepiga kelele hadi jua lizame, angenisifu. Mama alikuwa Ilomba mkono unamchonyota, na mimi nimesimama mbele ya watu wanacheka hadi kufuta macho.

Nikapiga magoti sakafuni, kwenye punje za wali. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Wenzake waliendelea kucheka. Yeye aliacha. Aliweka kijiko chini polepole, na nilipoinua macho rangi ilikuwa imemtoka usoni. Hakuitikia. Alisema tu, "Mama yako?"

"Bado mzima. Mbwa yuko wapi?"

Akakunja mkono wa shati. Kwenye kiungo cha mkono palikuwa na mchubuko mrefu, mbichi.

Alinisimulia tukitembea. Njiani mbwa alikuwa anapaliwa, akaona udenda, na yeye ni mtu asiyeweza kuona mnyama anateseka. Walipofika, yeye na utingo wake walimtegea kijiti mdomoni, akaingiza koleo la gari, akavuta. Alitoa kipande cha ubavu wa mbuzi kilichokuwa kimejibana juu, kati ya meno ya pande mbili. Alikuwa nacho mfukoni, alitaka kuja kumcheka mama nacho. Mbwa alikuwa nyuma ya mashine, amefungwa kivulini, na utingo alikuwa amemwekea pumba na maji. Aliponiona alitingisha mkia. Sikumgusa. Nilitamani, lakini nilisimama mbali kama bwana mifugo.

"Basi ni mfupa," mtani alisema. "Si kichaa. Ni mfupa, mama." Hakuwahi kuniita mama.

Nami nilitaka iwe hivyo. Lakini bwana mifugo, tulipomfikisha mbwa Ilomba jioni ile kwa lori tupu, mchele umeachwa Chimala, alikishika kile kipande cha mfupa, akakigeuza, akasema mbwa mwenye kichaa naye anaweza kukwamwa na mfupa. Mbwa wa sokoni alipita kweli. Siku kumi ni siku kumi, na sasa zinahesabiwa upya kwa ajili ya huyu bwana.

Mtani naye akaoshwa mkono kwa sabuni. Mama alifunguliwa bandeji, kumbe baba kwa hofu alikuwa ameikaza mno. Mchonyoto ukapungua, haukuisha. Au ulikuwa umeisha, hatukuwa na uhakika, maana kila tukimuuliza alijibu tofauti. Mtani alituma utingo akaseme lori limeharibika, akalala karakanani kwetu.

Siku zile zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo. Nyumba yenye Mngoni na Wahehe, na hakuna anayetania! Mama na mtani walikaa uani wanamtazama mbwa anavyokula kama wanaotazama mtihani wao unasahihishwa. Alianza na uji, akaja kwenye ugali. Siku moja aliuacha nusu na hakuna binadamu aliyekula chakula cha mchana. Asubuhi sasa walikuwa wanakunywa maji wawili, mama na mtani, kila mmoja na kikombe chake, wanatazamana kwa juu ya ukingo. Mimi nilikuwa natazama makoo mawili.

Dawa ya Dar es Salaam ikiwa bado haijafika, siku za mama ziliisha kwanza. Mbwa yuko hai, amekula. Mama hakushangilia, alisema, "Bado mgeni," akaendelea kunywa naye kikombe cha asubuhi mpaka siku zake nazo zikatimia.

Asubuhi hiyo bwana mifugo alikuja mapema. Mbwa alimaliza ugali na kichwa cha samaki, akalamba bakuli hadi likageuka, akanywa maji mengi, kisha akamwona jirani wa ng'ambo anapita na kumbwekea kwa moyo wote. Bwana mifugo akaenda mwenyewe kwenye nguzo, akafungua kamba. Mama akaketi kwenye ngazi ya jikoni na kujifunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka. Baba alishika nguzo.

Mtani akajipangusa suruali, akakohoa. Sauti ya honi ikatoka, yenye nyufa: "Haya. Amepimwa, amepona, amenona. Wahehe, leteni sufuria!"

Mama alimrushia mwiko. Ulimpata begani, na akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimesahau anacho.

Kabla hajapanda lori alinivuta pembeni. "Wewe," akasema, "usiniamkie tena maisha yako yote. Siku ile Chimala niliposikia shikamoo, nilijua nimeshakufa."

Nikamjibu kwa tusi la panya. Akaondoka ameridhika, na stuli mbili za baba.

Chanjo ilipokuja tena, mama alikuwa wa kwanza uwanjani. Mbwa alizeeka akafa kwa uzee. Mama naye alifariki miaka mingi baadaye, na mtani, kama watani wafanyavyo misibani, alilala mlangoni kwetu kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe kazi ya koleo lake. Baba akafuata. Alipokufa Mngoni mwenyewe, wa mwisho kati yao, nilipanda basi kwenda Songea peke yangu.

Walinipisha kwa heshima, mtani wa Kihehe amefika, sasa kutachangamka. Wanawake waliacha kulia wakanitazama, wanasubiri nifanye kituko. Nilikuwa nimebeba panya mkavu kwenye mkoba, nimemtafuta kwa shida. Nikafika kwenye jeneza, na mkono ukakataa kumtoa.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mhehe amwamkie Mngoni! Walipiga makofi, mzee mmoja akasema hajaona utani wa namna hiyo tangu azaliwe. Nikabaki nimeinama, wakadhani nacheka.